Pumzi ya Baba na Mguu Wangu

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili nisije nikaonekana shujaa mahali fulani katikati ya habari hii. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, naogopa simu inayolia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na tangu baba ahamie kwangu Lushoto nimeogopa zaidi ya yote ukimya wa chumba chake. Nikiwa darasani nafundisha watoto kugawanya kwa njia ndefu, nusu ya akili yangu inabaki nyumbani, inasikiliza kifua cha mtu aliye kilomita mbili kutoka nilipo.

Baba alikuwa mpiga tarumbeta wa usharika wetu kule Mtae. Alianza akiwa kijana na akapiga zaidi ya miaka arobaini: harusi, mazishi, sikukuu za mavuno, na hasa alfajiri ya Pasaka, ambapo kundi la matarumbeta husimama makaburini kabla jua halijachomoza na kuwapigia waliolala wimbo wa ufufuo. Mama naye amelala pale, ni mwaka wa sita sasa. Siku za kazi baba alikuwa mpasua mbao. Vumbi la mbao na kifua kikuu alichougua zamani viligawana mapafu yake, na mwaka jana alipoanza kukohoa damu tukamteremsha hospitali. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba tarumbeta basi. Hata puto la watoto asipulize. Makovu yaliyomo ndani yakipasuka kwa nguvu ya pumzi, alisema, tunaweza tusimwahi.

Baba aliitikia vizuri tu. Muuguzi wa mazoezi akampa chupa ya maji na mrija, apulize taratibu mapovu yatoke, mara tatu kwa siku, ili mapafu yasisinyae. Alifanya siku mbili. Siku ya tatu nilikuta chupa ile imetiwa mafuta ya taa na mrija uko jalalani. Nilipomuuliza akasema yeye si mtoto wa kunywa soda.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Mawazo ya waoga ni ya hatari, kwa sababu mwanzoni hayana tofauti na busara.

Nje ya ualimu, ninarekodi kwaya. Nina stoo niliyoitundikia mablanketi ukutani, kompyuta, spika mbili na kinanda ambacho chenyewe hakina sauti hata moja. Sauti zote zimo ndani ya kompyuta. Kinanda kinapeleka habari tu, kwamba nota fulani imebonyezwa, na programu ndiyo inayoiunda sauti. Shida ya sauti za namna hiyo ni kwamba zimenyooka mno. Ukibonyeza nota ya tarumbeta inatoka ilivyo, haipandi wala haishuki, mpaka uondoe kidole. Ndiyo maana kuna vifaa vya kuipa uhai. Kuna pedali ya mguu: ukiikandamiza sauti inakua, ukiiachia inanywea. Halafu kuna kidude cha pumzi, kidogo kama kiberiti, unachokibana kwa meno na kupuliza. Kinapima hewa yako kuanzia sifuri hadi mia moja ishirini na saba, na kompyuta inaifuata hewa hiyo kila inakokwenda. Ukipuliza kidogo tarumbeta inanong'ona, ukiongeza inang'aa, ukikata inakata.

Pedali nilikuwa nayo siku nyingi. Kidude cha pumzi nilimwagizia baba, kikaja na basi kutoka Dar es Salaam ndani ya boksi la biskuti. Nikapanga mambo hivi: mimi nibonyeze nota, yeye apulize. Bila pumzi yake vidole vyangu havitoi kitu. Nikairekebisha programu ili pumzi ndogo, pumzi ya mapovu tu, itoe sauti ya kutosha. Nilikwenda nacho hata hospitali nikamwonyesha yule muuguzi. Akakijaribu mwenyewe, akacheka, akasema mradi iwe taratibu, hakuna neno.

Siku ya kwanza baba alikitazama kidude kile alivyokuwa akiwatazama vijana wanaofika mazoezini wamechelewa. Akakifuta kwa shati, akalowanisha midomo, halafu akasimama, maana mpiga tarumbeta hapulizi ameketi. Nikabonyeza nota ya kwanza ya wimbo wa ufufuo. Akapuliza, na stoo yangu yote ikajaa tarumbeta.

Akakitoa kinywani, akaitazama spika. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Rudia."

Tukarudia mpaka umeme ulipokatika. Tangu siku hiyo kila alasiri nikitoka shule namkuta ameshakaa stoo, amevaa koti, anasubiri. Akaanza kula. Akaanza kunikosoa kwa Kishambaa jinsi nilivyokuwa nikikimbiza mapigo, kwamba kwaya zangu nazo ndiyo maana zinakimbia kama zimeona nyoka. Nilifurahi, nikaogopa kufurahi, nikafurahi tena. Wiki tatu zilikuwa hivyo.

Ubeti wa nne una nota moja ndefu, inayoshikwa mapigo sita. Wiki ya nne, alasiri moja ya ukungu, baba alifika pigo la tatu na sauti ikaanza kuzama. Nilimwona anavyojikaza shingoni. Nilimwona anavyoitafuta hewa ambayo haikuwepo. Na mguu wangu ulikuwa juu ya pedali, kwa sababu ya kazi ya kwaya niliyoifanya jana yake, na pedali ile ilikuwa imeunganishwa na sauti ileile. Sikuamua. Mguu ulikwenda wenyewe. Nikaikandamiza pedali, sauti ikainuka, ikasimama imara mpaka pigo la sita.

Baba aliketi, akajifuta jasho. Alikuwa anatabasamu. Akasema kifua kinafunguka.

Ningesema pale pale, yangekwisha pale pale. Lakini kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba amechoka. Unaweza kumpokea mzigo, unaweza kutembea pole pole ili asione kwamba anakusubirisha, ila kusema, hapana. Ndivyo nilivyojitetea. Ukweli ni kwamba niliogopa tabasamu lile litatoka na halitarudi. Kesho yake nikaikandamiza tena, na keshokutwa, na meza yangu ina kitenge kinachoanguka mpaka sakafuni, kwa hiyo mguu wangu haukuonekana.

Aliyeuona ni kompyuta. Programu hairekodi sauti peke yake, inarekodi na kila kifaa kilichoitengeneza. Usiku baba akishakwenda kulala, nilikuwa nafungua mazoezi yetu nikitazama mistari miwili, wa juu ni wa pumzi yake, wa chini ni wa mguu wangu. Mwezi wa kwanza wa mazoezi pumzi yake ilikuwa inafika tisini na kitu. Mwezi wa pili ikawa inafika sabini kwa shida. Mwezi wa tatu ulipoanza ilikuwa haivuki hamsini, na ilikuwa inatetemeka kabla ya kukatika. Mstari wa mguu wangu ulikuwa unapanda kwa kiasi kilekile. Ukiisikiliza sauti yenyewe, huoni tofauti yoyote. Tarumbeta ya mwezi wa tatu ilikuwa nzuri kuliko ya mwezi wa kwanza, kwa kuwa nami nilikuwa nimejifunza kukanyaga.

Sidhani kama naweza kueleza hofu ya mistari ile. Watu wengine huona wazazi wao wakiisha kwa macho, kidogo kidogo, na macho yana huruma, yanazoea. Mimi nilikuwa naona kwa tarakimu. Nilikuwa najua Jumanne baba ana hamsini na mbili na Alhamisi ana arobaini na tisa. Nilikuwa naingia darasani na namba hiyo kichwani. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikimsikia anaimba besi bafuni nilitaka kumkimbilia nimwombe anyamaze, asiitumie pumzi iliyobaki.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema. Ila methali inamsema mgonjwa. Haisemi chochote kuhusu binti anayemfichia mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Jumapili ya Matawi, tumetoka kanisani, baba aliomba simu yangu. Akampigia kiongozi wa matarumbeta wa Mtae, mwanamume ambaye baba mwenyewe alimfundisha kubonyeza valvu. Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo nilisikia yote nikiwa namenya viazi. Akamwambia kifua kimepona. Akamwambia kwamba binti yake amemnunulia mashine ya mazoezi na sasa anashika nota ya ubeti wa nne mapigo yote sita bila kuyumba. Aitoe tarumbeta ya baba iliyobaki kabatini kanisani, aitie mafuta, alfajiri ya Pasaka baba atampigia mama.

Kisu kilinianguka. Yule bwana alikuwa anashangilia upande wa pili, anamsifu Mungu.

Baba alipokata simu nilimwambia barabara haipitiki, masika yameanza, kule juu kuna matope. Akasema magari ya kabichi yanapita, naye atapita. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, kwamba daktari alisema vile kabla hatujaanza mazoezi. "Angekuwa anasikia ninavyopiga siku hizi asingesema," akasema. Alikuwa sahihi kabisa kwa yale aliyoyasikia, na aliyoyasikia nilimtengenezea mimi.

Wiki ile sijui niliipitaje. Nilipanga kumwambia Jumatatu, nikapanga Jumanne. Jumatano nilifika mpaka mlangoni kwake nikamkuta anapiga pasi suruali ya sare ya matarumbeta, nikauliza kama anataka chai. Kila nikifumba macho namwona amesimama kaburini kwa mama, anavuta pumzi, anapuliza kwa nguvu zile ninazomkopesha mimi, na nguvu hazipo, na yeye hajui hazipo. Nilisikia hata jinsi atakavyokohoa.

Ijumaa Kuu alasiri, baada ya ibada, akasema turudie wimbo kwa mara ya mwisho. Ndipo nikaamua. Na tazama mwoga anavyoamua: niliamua nisiseme. Nitaondoa mguu tu. Sauti itazama, atasikia mwenyewe, ataelewa mwenyewe, na mimi sitakuwa nimetamka neno lolote la kumvunjia baba yangu heshima. Nikaiweka miguu yote miwili chini ya kiti.

Akasimama, akapuliza. Ilitoka sauti nyembamba, ya kukwaruza, karibu haipo. Akaitazama spika, akadhani waya umelegea, akaugusa. Tukaanza upya. Sauti ileile. Nilimtazama nikisubiri aelewe.

Hakuelewa. Kwa nini aelewe? Mpiga tarumbeta wa miaka arobaini, sauti ikipungua, anafanya kitu kimoja tu: anaongeza pumzi. Alipanua miguu. Alivuta hewa mpaka mabega yakapanda, akapuliza kwa nguvu zake zote, akavuta tena, akapuliza tena. Mishipa ya shingo ilisimama, uso ukawa wa rangi nisiyoijua, na kwenye kioo cha kompyuta mstari wake ulipanda sitini, sabini, themanini, mahali ulipokuwa haujafika tangu mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimeondoa mguu ili kumwokoa, na sasa alikuwa anafanya mbele yangu kile kitu alichokatazwa. Mikono yangu ilikuwa bado inabonyeza nota, na kwa sababu nota zilikuwa bado zinatoka, naye aliendelea.

Nikaitoa mikono kwenye kinanda kama imeungua. "Baba, acha. Acha, tafadhali. Ulikuwa mguu wangu."

Akanitazama. Halafu akakohoa, mara moja, mara tatu, akaweka kitambaa mdomoni. Kilipotoka kilikuwa na doa jekundu lenye ukubwa wa kitufe cha shati.

Nikampeleka hospitali kwa bodaboda mbili, yeye mbele na mimi nyuma, njia nzima nikiuangalia mgongo wake kuona kama unainama. Daktari aliyekuwa zamu alimsikiliza kifua muda mrefu, akampa dawa na kutukalisha pale mpaka jioni. Akasema ametoka salama, kwamba kusafiri ndani ya gari si tatizo kama ataketi na kujifunika, lakini akipuliza chochote kwa nguvu, hata mara moja, yeye hahusiki. Alisema akinitazama mimi. Nilistahili.

Nyumbani baba aliniuliza ilianza lini. Nikamwambia wiki ya nne. Akataka kuona. Nikawasha kompyuta nikamwonyesha mistari miwili, mwezi kwa mwezi. Alivaa miwani, akasogea karibu na kioo, akaisoma taratibu kuanzia kushoto kwenda kulia kama asomavyo nota, kidole kikiufuata mstari wa juu hadi ulipoishia. Akavua miwani, akaenda chumbani kwake, na mlango ukafungwa.

Jumamosi nilimkuta sebuleni amevaa, mfuko wa sare uko miguuni. Nilimwamkia akaitikia marahaba, basi. Nilikuwa nimedhani safari imekufa. Nilitaka kukataa, na hata sasa sijui kwa nini sikukataa, isipokuwa kwamba nilikuwa nimeshatumia haki yangu yote ya kumwamulia. Tukapanda gari, tukapita Lukozi, tukapanda kwenye matope. Njia nzima nilijiuliza kama mtu aliyeona mstari wa uhai wake unavyoishia anaweza akaamua kuumalizia mahali anapopataka yeye. Nilimfikiria mama kaburini. Nilifikiri, huyu anakwenda kulala naye, na mimi ndiye nimempakia garini.

Tulilala kwa shangazi. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa makaburini, usharika mzima, makoti na vitenge vya kujifunika, mishumaa ikizimwa na upepo unaopanda kutoka tambarare ya Mkomazi. Wanaume wa matarumbeta walisimama safu yao. Yule kiongozi alimletea baba tarumbeta yake kwa mikono miwili. Baba akaipokea. Akaifuta sehemu ya kupulizia kwa mkono wa sare, akalowanisha midomo.

Nilikuwa upande wa wanawake, hatua kama kumi. Nilitaka kupiga kelele. Mwanamke anayepiga kelele alfajiri ya Pasaka mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, sijui angeonekanaje, na nawaambia kweli, sikujali tena hilo. Hata hivyo sikupiga; mwoga ni mwoga. Nilimshika shangazi mkono. Kiongozi akainua kidole, matarumbeta yakainuliwa, na baba akaiweka ya kwake mdomoni.

Wimbo ukaanza. Nilikitazama kifua chake. Sikutazama kitu kingine. Watu walimwona mzee amenyooka, vidole vyake vinabonyeza valvu kila moja kwa wakati wake, macho yamefumbwa. Mimi nilikuwa nimekaa miezi mitatu nikijifunza pumzi ya mtu huyu kwa tarakimu, najua mabega yanavyopanda kabla ya mstari mrefu, najua shingo inavyokaza. Mabega hayakupanda. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mashavu yake yalikuwa bapa. Ubeti wa nne ulifika na ile nota ndefu, wenzake wakaishika mapigo yote sita, naye akaishika nao kwa kidole, kifua chake kimetulia kabisa chini ya koti, bila kupuliza hata chembe ya hewa.

Ibada ilipokwisha walimzunguka. Kiongozi alimshika mikono yote miwili, akasema leo tumekusikia mzee, leo sauti imerudi. Mama mmoja alikuwa analia. Baba aliwajibu asante, asante sana, Bwana amefufuka. Kisha akanitazama juu ya vichwa vyao, na akayaondoa macho upesi.

Nilikwenda nikamshika mkono ili tushuke, maana njia ilikuwa inateleza. Tulipofika mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kutusikia alisimama, akajifanya anatazama tambarare kule chini, na akasema kwa Kishambaa, taratibu sana, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake.

"Niliogopa, mwanangu. Nilitaka kupuliza, nikaogopa."

Nikamwambia na mimi niliogopa. Akaitikia kwa kichwa, akaubana mkono wangu, na tukashuka hivyo, pole pole, hadi kwenye gari.